Kahawa iuzwe, redio inunuliwe?

Mimi huku Kihanga nina kesi, tena ya nyumbani. Ba'mdogo wangu, mwalimu mstaafu wa fizikia, anataka kuuza kahawa yake yote ya msimu huu anunue redio.

Siyo ya kusikilizia muziki, la hasha! Ni ile ya kuongea. Unabonya, unaita, anakujibu mtu aliyeko Brazil, bila vocha wala mnara. Wenyewe wanaiita redio ya ridhaa. Ukipata leseni ya TCRA unapewa na jina la hewani linaloanzia 5H, ndiyo Tanzania hiyo. Mzee anaiota hiyo 5H kama mwingine anavyoota Pajero.

Ya zamani aliuziwa na mfanyakazi wa misaada mwaka 1996, wakimbizi wa Rwanda walipoondoka huku Karagwe. Leseni hakuwa nayo, akawa anasikiliza tu. Sasa imekufa. Fundi wa Mwanza kaifungua, katikisa kichwa: kipuri chake hakitengenezwi tena. Basi nikaitwa mimi, eti kwa kuwa nina fomu foo.

"Mwanangu, nikinunua mpya, miaka kumi ijayo wenye kiwanda watakuwepo?"

Bwana wee, swali hilo! Nikaingia kusoma. Majina makubwa ni matatu: Icom, Yaesu na Kenwood, yote ya Japani. Hukohuko Japani, mwaka 1995 leseni za ridhaa zilikuwa zaidi ya milioni 1.3. Leo hata laki nne hazifiki. Wazee wanaondoka, vijana wako kwenye simu. Marekani, Heathkit waliokuwa wanauza redio vipande vipande ukaunge mwenyewe nyumbani walifunga duka hilo 1992. Kenwood ikaungana na JVC mwaka 2008. Mwaka huohuo Motorola wakaidaka kampuni ya Yaesu, ilipofika 2012 wakabaki na redio za makampuni, za ridhaa wakaziachia zijitegemee. Mke kachukuliwa, mtoto karudishwa kwao!

Icom wanajitahidi, maana wanauza pia redio za meli, za ndege na za walinzi. Mtu kama ba'mdogo hawezi kuwalipia umeme. Lakini nao, Oktoba 2020 kiwanda cha chipu cha AKM kule Nobeoka kiliungua, na redio za Kijapani zikaadimika. Moto mmoja tu, kampuni zote zikahangaika.

Halafu kuna Mchina. Juzi nilikuwa harusini Kayanga, vijana wa kamati wote na Baofeng kiunoni, wanaitana kama usalama wa taifa: "Keki imefika geti, ova!" Hata keki yenyewe ilikuwa inaonekana pale. Kiredio hicho mtandaoni kinapatikana hata kwa dola 25 hivi, cha Mjapani unalipa mara kadhaa. Hapo nani atamwendea Mjapani?

Na wapo wanaoiba jina kabisa. Septemba 2024 redio za mkononi zililipuka Lebanon zikaua watu, zimeandikwa Icom IC-V82, ambayo kwa asili ni redio ya ridhaa. Icom wakasema walishaacha kuitengeneza tangu 2014, betri zake pia. Kiwanda kimeacha, jina bado linatembea sokoni! Ndiyo maana nilimwambia mzee: hata ukipata ya bei chee, utajuaje ni yenyewe?

Ushauri wangu ulikuwa huu. Leseni kwanza. Kahawa auze nusu, achukue Baofeng ya kujifunzia, Mjapani asubiri. Nilijiona nimeongea kama meneja wa benki.

Ba'mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, kofia magotini.

"Hicho cha Mchina, kutoka hapa Kihanga kitanifikisha Brazil?"

"Hapana, ba'mdogo. Kikijitahidi sana, Kayanga."

"Kayanga nina baiskeli. Niandikie bei ya ile ya Kijapani."

Nimeandika. Kahawa bado iko jamvini, inakauka.