Fundi, acha kwanza kufomati
CHINI YA ULUGURU, na Zuhura Kibwana

Zilibaki dakika nane. Kompyuta ilikuwa inanakili mazungumzo niliyorekodi kijijini Kinole, bibi mmoja akinieleza jinsi shamba linavyofuata ukoo wa mama, mara nikasikia ule mlio: ti-tum. Diski yangu ya mkononi ikatoweka kwenye skrini. Nikachomoa, nikachomeka, ikarudi. Haikumaliza dakika mbili, ti-tum.

Nikaenda nayo kwa fundi mmoja karibu na Soko la Chifu Kingalu. Hata hakuigeuza kuitazama. “Mama, hii imekufa. Tuifomati tu.”

Kufomati ndiyo panadol yetu. Diski inakatika, fomati. Kompyuta nzito, fomati. Lakini diski inayokatika ukiifomati itaendelea kukatika vilevile, tofauti ni kwamba sasa mafaili yako huyaoni. Nikaitia mkobani, nikaaga.

Kumbe mgonjwa alikuwa waya.

Diski hizi za mkononi hazina betri. Zinakula umeme wa kompyuta kupitia waya uleule unaopitisha data. Tundu la USB 2 hutoa miliampia 500 kwa volti 5; la USB 3, ambalo mara nyingi lina rangi ya bluu ndani, hutoa 900. Diski ya sahani huvuta umeme mwingi zaidi pale inapoanza kuzunguka. Sasa ipe waya mrefu na mwembamba, kama wangu nilioununua Msamvu nikisubiri basi: volti zinapungua njiani, kama maji ya bomba yanavyofika kwa matone nyumba ya mwisho mlimani. Diski inakosa nguvu, inazima, na kompyuta inadhani umeichomoa. Ukiichomeka kwenye kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake, pamoja na mausi na modemu, ni yaleyale.

Nilibadilisha kitu kimoja kimoja, maana ukibadilisha vyote kwa mpigo hujui kipi kimekuponya. Waya mfupi kwanza, na diski ikatulia. Wewe ukiona bado, hamia matundu ya nyuma ya kasha la kompyuta, kisha jaribu kompyuta nyingine. Angalia pia mipangilio ya umeme ya Windows, ina tabia ya kulaza matundu ya USB ili kubana matumizi. Halafu soma SMART, kadi ya kliniki ya diski yenyewe. Sekta zilizohamishwa zikizidi kuongezeka, hapo kweli diski inaumwa, okoa mafaili upesi. Kwa diski iliyo ndani ya kasha, kama kinachopanda ni namba 199 peke yake, yaani makosa ya data njiani, mtuhumiwa wa kwanza ni waya. Ukisikia tik-tik-tik, zima. Usijaribu “mara moja ya mwisho”.

Simlaumu sana yule fundi. Sisi wateja tunalipa kufomati bila kinyongo, ila fundi akitumia nusu saa kupima kisha akasema “kanunue waya”, tunamshukuru kwa mdomo tu na kuondoka. Na mwenye nyumba anamdai kodi. Mimi ningelipa upimaji, kama tunavyolipa maabara hospitalini hata majibu yakitoka huna malaria.

Kunakili kuliisha saa nne usiku, kilele cha Bondwa kimefunikwa na mawingu. Nakala ya pili nimempelekea dada yangu anayeishi Mazimbu. Bibi anasikika vizuri: anakohoa, anamfukuza kuku, kisha anaendelea na habari za shamba.