Riwaya za majini za WhatsApp: maoni yangu ya kweli
Huku Kasulu nilikoolewa, riwaya za majini ambazo watunzi wenyewe wanatuuzia WhatsApp ndizo liwazo langu jioni za baridi. Utamu upo, sikatai. Lakini mbona kila jini ni wa Pemba, na binti wa miaka 17 akitekwa tu, harusi? Mahari hatajiwi, ridhaa haombwi! Na wadogo zetu wanasoma hayo. Katika Adili na Nduguze (1952), Shaaban Robert alimpa jini Huria kazi ya maana: kuwageuza manyani ndugu waliomdhulumu mwenzao. Watunzi, tuleteeni binti wa Kibondo anayeikataa posa ya jini, na kisa kiendelee. Na sehemu ya mwisho itoeni, tumeshalipa.