Steji ni ya Matatu, Klachi Inataka Nambari

Najua wengi wenu huja hapa kusoma habari za programu na tarakilishi, lakini leo naomba mnivumilie kidogo. Nina neno na wenye magari, na si neno la upole.

Jambo lenyewe ni klachi. Naam, klachi ya gari! Kila ninapokutana na vijana wenye Subaru zilizoongezwa nguvu, swali ni lile lile: "Niweke steji ngapi?" Na jibu ni lile lile: "Weka steji 3 uisahau." Sasa mwulize huyo aliyejibu hiyo steji 3 inabeba torki kiasi gani. Atakutazama kana kwamba umemtukana.

Mimi nasema hivi. Hapa Kenya steji ni mahali tunaposubiri matatu. Steji si kipimo. Hakuna shirika lolote duniani lililokaa likakubaliana steji 1 ni nini na steji 3 ni nini. Kila mtengenezaji anajipangia. Kwa Exedy, Steji 1 ni diski ya organiki na Steji 2 ni ya seramiki, yaani tofauti yenyewe si ya kiasi tu, ni ya aina. Kampuni nyingine ikiandika steji 2, ndani ya boksi unaweza kukuta kitu tofauti kabisa. ACT nao huandika herufi, na angalau herufi zao hutaja presha pleti peke yake na diski peke yake. Sisi waandishi wa programu tunaujua mchezo huu. Mtu akikuambia programu yake ni toleo la 3, hajakuambia lolote kuhusu inachofanya. Utataka kusoma maelezo. Basi kwa nini klachi, kitu cha kugharimu pesa nyingi hivyo, tunainunua kwa kusoma nambari ya toleo peke yake?

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina urafiki na mtu. Uwezo wa klachi kubeba torki (nguvu ya kuzungusha inayotoka kwenye injini) unatokana na vitu vinne tu:

torki = idadi ya nyuso × msuguano × nguvu ya kubana × nusu kipenyo

Basi. Mstari mmoja. Diski moja ina nyuso mbili, moja inagusa flaiwili na nyingine inagusa presha pleti. Msuguano unategemea kitambaa cha diski. Nguvu ya kubana ni springi ya presha pleti. Nusu kipenyo hapa ni wastani, kutoka katikati ya diski hadi katikati ya kile kitambaa.

Tuchukue mfano wa diski ya milimita 230, saizi ya kawaida kwa WRX zenye gia tano. Tuseme wastani wa nusu kipenyo ni mita 0.095, msuguano wa organiki ni 0.3, na springi inabana kwa nyutoni 7,000. Zidisha: 2 × 0.3 × 7,000 × 0.095. Unapata 399 Nm.

WRX ya mwaka 2002 iliyouzwa Marekani, yenye injini ya lita 2.0, ilitoka kiwandani na torki ya karibu 294 Nm. Kwa hiyo klachi ya mfano wetu ina akiba ya kutosha, haina wasiwasi. Sasa kijana anakwenda, kompyuta ya injini inaandikwa upya, presha ya turbo inapandishwa, ekzosi inafunguliwa, torki inafika 400 Nm. Akiba imekwisha. Akikanyaga mafuta kwenye gia ya nne, mshale wa mizunguko unapanda lakini gari haliongezi mwendo. Klachi inateleza.

Na hili si jambo la mzaha. Ukiwa barabara ya Nairobi kwenda Nakuru, unapita lori, mbele kuna gari linakuja, ndipo klachi inaamua kuteleza... Sitetei klachi dhaifu. Mwenye gari lililoongezwa nguvu lazima abadilishe klachi. Ugomvi wangu ni jinsi anavyoichagua.

Angalia njia mbili. Njia ya kwanza, bakisha diski ya organiki, weka presha pleti inayobana zaidi kwa asilimia 30, yaani nyutoni 9,100. Rudia hesabu: 519 Nm. Kwa injini ya 400 Nm una akiba ya karibu asilimia 30. Hiyo inatosha gari la kwenda kazini, la kwenda ushago, na la kufurahia mara moja moja wikendi.

Njia ya pili ndiyo wanayopenda "wataalamu" wetu. Presha pleti nzito hiyo hiyo, na juu yake diski ya vipande vya seramiki. Tuseme msuguano ni 0.45. Unapata 778 Nm. Karibu mara mbili ya injini! Vijana wanashangilia. Mimi naona hatari.

Hatari gani? Ya kwanza ni giaboksi. Klachi ni kama fyuzi. Gari la kuvuta magurudumu yote manne halitelezi tairi kirahisi, kwa hiyo ule mshtuko wa kuondoka kwa nguvu lazima uende mahali. Klachi ikiteleza kidogo, inaumeza. Klachi isiyoteleza kabisa inaupeleka wote kwenye meno ya gia. Na giaboksi ya gia tano ya WRX, kila mpenzi wa Subaru duniani anajua sifa yake: meno yake hukatika ukiondoka vibaya. Ile ya gia sita ya STI ni ngumu zaidi, na haikuwekwa pale kwa bahati mbaya. STI ya mwaka 2004 ya Marekani ilikuwa na torki ya karibu 407 Nm kutoka kiwandani. Kuweka klachi ya 778 Nm mbele ya giaboksi ya gia tano ni kama yule jirani ambaye fyuzi ikiungua anaweka kipande cha waya. Taa zinawaka, ndiyo. Siku moja nyumba nayo itawaka.

Ninaye mwenzangu kazini aliyeuziwa klachi ya namna hii. Duka alilonunua sitalitaja. Aliuliza swali zuri tu, klachi itakayodumu, akajibiwa "steji 3". Hakuna aliyemwuliza gari lina torki gani, giaboksi ni ipi, wala analiendesha wapi. Klachi kweli haikuharibika. Gia ya pili ndiyo iliyokatika meno, kabla ya miezi minne kwisha. Giaboksi iliposhushwa diski ilikuwa bado nzuri, na yule muuzaji akaitumia kama ushahidi! "Unaona? Klachi yangu haina shida." Mwenzangu alikuwa ameweka akiba ya karo ya mdogo wake. Ilikwenda kununua giaboksi. Hapo ndipo nilipokasirika, na hasira hiyo ndiyo imeandika maneno haya.

Hatari ya pili ni foleni. Vipande vya seramiki hushika ghafla. Havipendi kuachiliwa polepole, gari linatetemeka, linaruka kama chura. Na sisi Nairobi tunaendesha vipi? Mita tano, simama. Mita tano, simama. Mguu wa kushoto unalia kwa sababu springi nzito inataka kukanyagwa kwa nguvu zaidi, na nguvu hiyo hiyo inaisukuma shafti ya injini kila unapokanyaga, kwa hiyo beringi inayoizuia isisogee nayo inabeba mzigo. Ule uma unaosukuma beringi ya klachi nao unachoka.

Hatari ya tatu ni kutoelewa joto. Watu hudhani klachi huuawa na nguvu. Klachi nyingi huuawa na joto. Gari la kilo 1,400 likiondoka hadi kilomita 30 kwa saa linapata nishati ya karibu kilojuli 49, na kwa makadirio mazuri klachi inameza kiasi kama hicho hicho kwa kuteleza. Ukiondoka taratibu na kuachilia klachi kabisa kwenye kilomita 10 kwa saa, ni kama kilojuli 5 tu. Mwendo ukipungua mara tatu, joto linapungua mara tisa.

Sasa angalia kile kitabia cha kusimama mlimani kwa klachi badala ya breki. Kwenye mteremko wa asilimia 5, injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, hesabu yangu inatoa takriban kilowati 2.5. Ni kama pasi mbili za umeme zimewashwa ndani ya klachi! Dakika moja ya hivyo ni sawa na kuondoka kwa kishindo mara tatu. Halafu mtu anasema klachi ilikuwa feki. Tumia breki ya mkono, ndugu yangu. Ni ya bure.

Na hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Tazama tena ule mstari wa hesabu. Ukubwa wa eneo la kitambaa haumo. Ndiyo maana diski yenye vipande sita vidogo inaweza kubeba torki kubwa. Lakini eneo dogo maana yake kila kipande kinabeba joto zaidi, na flaiwili inayosuguana nacho inalika haraka. Ukiongeza flaiwili nyepesi "ili injini iamke", umepunguza pia chuma cha kunyonya joto. Kubeba torki na kudumu ni vitu viwili.

Najua utetezi wao: "Bora uwezo uzidi kuliko upungue. Hata nyinyi watu wa kompyuta hununua seva kubwa kuliko mahitaji." Hoja nzuri, lakini haisimami. Seva kubwa haikati waya wa mtandao. Klachi kubwa inakata gia. Uwezo wa ziada ni mali pale tu ambapo vitu vya jirani vinaweza kuustahimili.

Nisionekane nachukia seramiki. Gari la mashindano, giaboksi imeimarishwa, torki 600 Nm na zaidi, seramiki ina mahali pake. Na mwenye torki kubwa anayetaka bado kuendesha mjini atazame klachi ya diski mbili. Nyuso zinakuwa nne, kwa hiyo kwa organiki ile ile ya 0.3 na springi ile ile ya nyutoni 7,000 unapata 798 Nm, na pedali haijawa nzito. Bei iko juu, ndiyo. Lakini hapo umelipia uhandisi badala ya kibandiko. Kevlar nayo hudumu sana kwa mtu mpole, ila inataka uvumilivu wakati wa kuizoesha, na ukiichoma mara moja inang'aa kama kioo na haishiki tena.

Basi ukienda kununua, fanya hivi:

1. Pima gari kwenye mashine ya kupimia nguvu. Taka nambari ya torki, si ya farasi peke yake. Klachi haijui farasi.
2. Ongeza asilimia 20 hadi 30. Hiyo ndiyo klachi yako. Usizidishe kwa sifa.
3. Mwulize muuzaji: inabeba Nm ngapi, diski ni ya kitambaa gani, ina springi katikati au haina? Asipojua, funga mkoba.
4. Jua giaboksi yako. Ikiwa ndiyo dhaifu kuliko vyote, anza na hiyo au punguza tamaa.
5. Giaboksi ikishushwa, badilisha beringi ya klachi, sawazisha uso wa flaiwili, kagua sili ya nyuma ya injini. Tone la oili kwenye kitambaa linaua klachi mpya kabla haijaanza kazi.
6. Izoeshe. Watengenezaji wengi hutaka kama kilomita 800 za mwendo wa mjini bila kukanyaga mafuta yote. Anayetoka gereji na kwenda moja kwa moja kushindana amejichomea mwenyewe.

Na nyinyi mafundi, msinielewe vibaya. Wengi wenu mnaletewa boksi lililokwisha kununuliwa, mnalifunga, halafu likiharibika mnatukanwa nyinyi. Kataeni. Semeni, "Niletee nambari kwanza."

Muuzaji akikutajia steji, mwambie asante, wewe hungoji matatu. Unataka Nm.

Mwenye hesabu tofauti alete hesabu yake hapo chini tubishane. Mwenye steji abaki nayo. Nimemaliza, wiki ijayo turudi kwenye programu zetu.