KARATASI YA KAZI INAPASHWA KUSEMA KWELI

Wandugu wafanyakazi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi,

Sisi makarani wa kuandika watu kazi tunasikia manung'uniko yenu. Mnasema: «Makarani wanashika makaratasi yetu majuma mengi, wanauliza huku na huku, na watoto wetu wanalala njaa.» Mna haki ya kunung'unika. Basi tueleze kwa nini tunauliza, na tuseme tena ni namna gani tunapashwa kuuliza.

Tunauliza kwa sababu mgodi hausamehe. Mtu akinunua cheti kinachosema ameendesha kamyo kubwa miaka 5, naye hajaiendesha hata siku moja, nani atakufa? Si mkubwa wa kompanyi aliye katika biro yake. Atakufa ndugu anayefanya kazi pembeni yake. Na kwa kazi ya baruti uwongo ni mbaya zaidi. Tena cheti cha uwongo kinamnyima nafasi fundi wa kweli aliyesimama nyuma katika mstari.

Lakini kuuliza kuna mipaka. Wakati wa Wabelgiji mfanyakazi alitembea na buku yake ya kazi, na amri ya 16 Machi 1922 iliweza kumpeleka gerezani akivunja kontra. Buku ile ilikuwa kamba ya kumfunga mtu. Hatukupata uhuru tarehe 30 Juni 1960 ili kamba ile irudi kwa jina lingine.

Sheria ya Kazi ya 16 Oktoba 2002, kifungu cha 79, inasema wazi. Kazi ikiisha, kwa sababu yoyote, bwana wa kazi anapashwa kumpa mfanyakazi cheti katika siku 2 za kazi. Cheti kiseme alifanya kazi gani, kwa muda gani, alianza lini, alimaliza lini, na namba yake ya kasa ya pensheni. Neno lingine limekatazwa. Hawezi kuandika «mtu huyu ni mkaidi», ao «huyu alikuwa mtu wa sendika».

Sasa sikilizeni vizuri. Lisiloruhusiwa kuandikwa katika cheti lisisemwe kwa siri katika telefone. Karani anayeuliza kompanyi ya zamani aulize mambo yaleyale ya sheria: kazi, muda, tarehe. Akiuliza «alikuwa mtu wa matata?», amekwisha kuacha kuchunguza karatasi; anamchongea mtu.

Kuna na matata mengine: kompanyi isiyojibu. Katika miaka 2003 na 2004 Gécamines iliachisha wafanyakazi zaidi ya 10,000, kwa mpango uliolipiwa na Banki ya Dunia. Fundi wa miaka 20 alibaki na karatasi yake mkononi, na karatasi ile ndiyo ilikuwa ushuhuda wa mikono yake. Leo wengi wanafanya kazi chini ya kompanyi ndogo zinazokodiwa na kompanyi kubwa. Kontra inaisha, kompanyi ndogo inafunga mlango, telefone haiiti tena. Tunatafuta namba ya mtu kwenye CNSS, hatuioni, kwani bwana wake hakumwandikisha. Halafu wakubwa wanatuambia: «Karatasi yake haithibitiki, mfukuzeni.» Je, kosa ni la nani? Bwana aliiba pensheni ya mtu jana, na leo wizi uleule unamnyima kazi!

Sisi tunasema: bwana wa zamani akinyamaza, mfanyakazi asihukumiwe. Aonyeshe kontra yake, karatasi za mshahara na kadi ya kuingilia mgodini. Na juu ya yote apelekwe mbele ya mashine, fundi mkubwa amtazame. Mikono haijui kudanganya. Na tukiona karatasi ina shaka, mwenyewe aitwe aambiwe shaka hiyo, apate kujibu. Kumwambia «rudi kesho» mpaka achoke si uchunguzi.

Nanyi wandugu, mjisaidie. Siku ya kumaliza kazi msitoke bila cheti. Siku 2 zikipita, pelekeni neno kwa mwangalizi wa kazi wa serikali. Someni tarehe zote mbele ya kuondoka. Tunzeni kila karatasi ya mshahara. Toeni fotokopi, karatasi ya asili ibaki nyumbani. Na msinunue cheti, hata mkiwa na njaa: siku kinapojulikana, hata miaka ya kweli mliyofanya haitaaminiwa tena.

Mfanyakazi alete karatasi ya kweli. Bwana atoe cheti kwa siku yake. Karani aulize yaliyo ya sheria, naye ajibu upesi. Hapo ndipo karatasi itakuwa ushuhuda wa jasho la mtu, isiwe kamba shingoni mwake.