Timu ya West Point: Mchezaji Hodari ni Mali ya Nani?

Tarehe 6 Desemba 2024, katika uwanja wa Michie uliomo ndani ya Chuo cha Kijeshi cha West Point, jimbo la New York, timu ya maofisa wanafunzi wa Jeshi la nchi kavu la Marekani iliishinda timu ya Tulane kwa pointi 35 dhidi ya 14 na kutwaa ubingwa wa ligi yake. Timu hiyo ilianza kucheza mwaka 1890, na huo ndio uliokuwa ubingwa wake wa kwanza wa ligi. Siku nane baadaye ilishindwa na mahasimu wake wa jadi, vijana wa Chuo cha Jeshi la Majini cha Annapolis, kwa pointi 31 dhidi ya 13. Basi mashabiki wa timu ile walibaki na swali gumu: je, timu yetu ni kubwa kweli, ama tulibahatika?

Yafaa ndugu msomaji afahamu kwamba mpira huo si kabumbu tuliyoizoea. Una umbo la yai, hukamatwa kwa mikono, na kila upande wenye watu 11 hufanya kazi ya kuusogeza mbele kidogo kidogo mpaka uvuke mstari wa mwisho wa adui. Vyuo vikuu ndivyo vinavyovilea vilabu vya kulipwa. Kila mwezi wa Aprili vilabu hivyo hupokezana zamu, raundi saba, kuchagua vijana wanaomaliza masomo. Kwa sababu hiyo shabiki wa chuo chochote huko Marekani huweka hesabu mbili: ya kwanza ni michezo iliyoshindwa na kupotezwa, na ya pili ni vijana wangapi watakaochaguliwa.

Kwa hesabu ya kwanza West Point haina deni. Msimu ule wa 2024 ilishinda michezo 12 na kupoteza miwili tu, idadi ya ushindi ambayo chuo hicho hakijapata kuipita. Kwa hesabu ya pili, hali ni nyingine kabisa. Kiongozi wa mashambulizi yake, Bryson Daily, aliuvusha mpira mstari wa mwisho kwa miguu yake mwenyewe mara 32 katika msimu mmoja. Walakini Aprili 2025 ilipofika, raundi zote saba zilipita bila jina lake kutajwa. Wako waliosema kwamba hilo lathibitisha udhaifu wa timu.

Sisi hatukubaliani na hukumu hiyo. Vilabu vya kulipwa humtaka kiongozi wa mashambulizi awe na mkono wa kuurusha mpira mbali na kwa shabaha. West Point hairushi sana. Huubeba mpira chini, hatua tatu, hatua nne, ikaushikilia muda mrefu hata adui akachoka kwa kungoja zamu yake. Mchezo huo haukuchaguliwa kwa kupenda. Chuo chenyewe humtaka kila mwanafunzi apite mitihani ya viungo, abebe silaha na kupiga kwata pamoja na wenzake, kwa hiyo si rahisi kulipata humo jitu la kilo 150 la kuziba njia. Wasipokuwa na majitu, hutegemea mpango na utii. Mipaka ya mpango huo ilionekana tarehe 23 Novemba 2024, walipokutana na Notre Dame na kupigwa 49 kwa 14. Mbele ya watu wakubwa na wepesi kwa wakati mmoja, utii peke yake hautoshi.

Lakini kuna jambo zito zaidi ambalo mashabiki hulipita haraka. Kijana wa West Point au wa Annapolis si mwanafunzi wa kawaida. Hasomi kwa ada; serikali humsomesha, humlisha na kumlipa posho, naye kwa upande wake huahidi utumishi wa miaka isiyopungua mitano baada ya kupewa cheo chake cha kwanza cha uofisa. Uhai wa mchezaji wa kulipwa ni mfupi, na miaka mitano yaweza kuumaliza kabla haujaanza.

Hata hivyo wapo walioweza yote mawili. Roger Staubach wa Annapolis alipata tuzo ya Heisman, ambayo hupewa mchezaji bora wa vyuo vyote, mwaka 1963. Alitumikia miaka minne, mmoja kati ya hiyo akiwa Vietnam, ndipo akajiunga na Dallas Cowboys mwaka 1969 akiwa na umri wa miaka 27. Aliiongoza timu hiyo kutwaa Super Bowl mara mbili. Alejandro Villanueva, aliyehitimu West Point mwaka 2010, alikwenda Afghanistan mara tatu na kufikia cheo cha kapteni kabla ya kuingia Pittsburgh Steelers mwaka 2014. Ni kweli kwamba watu wa namna hiyo ni wachache, wala haifai kumdai kila kijana awe Staubach.

Kosa tunaloliona sisi liko kwa wakubwa. Mwaka 2008 Caleb Campbell wa West Point alichaguliwa na Detroit Lions chini ya utaratibu uliomruhusu kucheza huku akihesabiwa kuwa yuko kazini. Mwezi Julai, mazoezi yakiwa karibu kuanza, Jeshi lilibadili tafsiri ya utaratibu huo naye akaitwa arudi. Alitumikia miaka miwili, akarejea Detroit mwaka 2010 akiwa amepitwa na wenzake. Mwaka 2016 ruhusa ikatolewa tena. Mwaka 2017 Waziri wa Ulinzi James Mattis akaiondoa. Mwaka 2019 ikarudishwa. Desemba 2022 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwataka wahitimu wote watumike kwanza ndipo wacheze.

Sheria ile, kwa maoni yetu, ilikuwa na haki ndani yake. Mhandisi mwema aliyehitimu siku ileile haachiliwi akatafute mshahara mkubwa mjini. Kwa nini aachiliwe mkimbiaji? Lakini ilimkuta Andre Carter, mlinzi hodari wa West Point, amebakiza miezi michache tu kumaliza masomo aliyoyaanza wakati ruhusa ikiwapo. Askari yeyote anajua uchungu wa amri inayogeuzwa akiwa katikati ya safari. Mwezi uleule Bunge likalazimika kuongeza kifungu cha kuwaondoa katika sheria hiyo wale waliojiunga kabla ya Juni 2021, na kwa kufanya hivyo likakiri kwamba mapatano huwafunga wote wawili, anayeapa na anayeapiwa. 

Carter mwenyewe alisubiri uchaguzi wa Aprili 2023. Hakuna klabu iliyolitaja jina lake katika raundi zote saba. Minnesota Vikings walimsajili baada ya uchaguzi kwisha.