Kukaza Bolti si Kubana Flanji

Hivi majuzi bomba kuu la maji katika mtaa ninamoishi lilivuja penye kiungo cha flanji. Fundi aliyeitwa, kijana mwenye cheti cha chuo cha ufundi, aliondoa bolti zilizoliwa na kutu, akatia mpya zinazong'aa, kisha akachomeka kipande cha paipu kwenye mpini wa spana na kukaza kwa nguvu zake zote. Bolti ya tatu ikakatika. Mkono wake ukagonga ukingo wa flanji, vidole viwili vikavunjika. Nilipomjulia hali, nilimwuliza kwa nini aliziamini bolti zile. "Mwalimu," akanijibu, "hicho ni chuma kisichoshika kutu. Ni cha bei ghali."

Mimi ni mwanaisimu, si mhandisi, na msomaji ana haki ya kuniuliza nimejitosaje katika mambo ya spana. Nimejitosa kwa sababu ya neno moja: kukaza.

Neno hili tumelibebesha kazi tatu. Nati huzungushwa; bolti huvutika; flanji hubanwa. Bolti ni kama springi ngumu mno: inaporefuka kidogo hutaka kurudi katika urefu wake, na kule kutaka kurudi ndiko kunakozibana flanji mbili na gasketi iliyo kati yake. Mbano huo sharti uzidi nguvu ya maji inayotaka kuziachanisha. Sasa, katika juhudi zote za mkono wa fundi, takriban sehemu moja tu kati ya kumi ndiyo huvuta bolti. Zilizosalia humezwa na msuguano chini ya nati na katika meno yake. Ndiyo maana bolti iliyopakwa grisi, ikizungushwa kwa nguvu ile ile, huvutika zaidi sana kuliko iliyo kavu. Anayejua "kukaza" peke yake hawezi kulitambua hilo.

Na chuma chenyewe je? Bolti nyingi za chuma cha pua huandikwa nambari kichwani. 8.8 maana yake ni kwamba chuma hicho hustahimili nyutoni 800 kwa kila milimita mraba kabla ya kukatika, na kwamba kikifika asilimia 80 ya kiwango hicho, yaani 640, kikivutwa zaidi hakirudi tena kilivyokuwa. (Sisi wa isimu tuna mnyumbuliko wa vitenzi, wenzetu wana kikomo cha kunyumbuka.) Bolti ya milimita 20 ya daraja hilo, ikivutwa ipasavyo, hubana kwa kiasi cha kilonyutoni 110, uzito wa tani 11 hivi. Ile isiyoshika kutu ya daraja la A2-70, pamoja na kung'aa kwake, hufika kikomo kwenye 450. Isitoshe, meno yake yakikazwa makavu hung'ang'aniana, nguvu ya spana ikaishia katika kuisokota bolti badala ya kuivuta. Kijana wetu alichagua kwa kutazama kutu na bei. Hakuna aliyemfundisha kuuliza mvuto.

Wala asidhani mtu kwamba dawa ni kutafuta chuma kikali zaidi. Huko Marekani, mwezi Machi 2013, bolti ndefu za kutia nanga katika daraja jipya la San Francisco na Oakland zilivutwa hadi kiwango kilichopangwa. Katika muda wa siku chache, 32 kati ya 96 zilikatika. Zilikuwa za chuma chenye nguvu nyingi, kigumu mno, kilichopakwa zinki, na maji yalikuwa yametuama katika mashimo yake. Haidrojeni ilipenya ndani ya chuma na kukifanya kivunjike ghafla. Hao walikuwa wahandisi wenye shahada!

Wapo wenzangu watakaosema Kiswahili hakina istilahi za kufundishia haya. Nawapinga. Vuta, bana, zungusha, nyumbuka, msuguano: ni neno gani hapo lililoazimwa ng'ambo? Tulichokosa ni nidhamu ya kutenga maana. Hata neno mkazo, ambalo mimi hulitumia kwa silabi, mwalimu wa fizikia hulitumia kwa nguvu iliyogawanywa kwa eneo, na mwanafunzi wake hudhani ni kule kukaza kwa spana. Matokeo yake ni kwamba hukariri fasili ya Kiingereza akapita mtihani, kisha karakanani hurudia neno lile moja alilolizoea tangu utotoni.

Mtihani na uendelee kuwa wa Kiingereza, ikiwa ndivyo wakubwa wanavyotaka. Lakini mwalimu wa chuo cha ufundi, kabla ya kumkabidhi mwanafunzi spana, amwulize kwa Kiswahili: hapa kinachozungushwa ni nini, kinachovutwa ni nini, na kinachobanwa ni nini? Asiyejibu yote matatu asiguse flanji.