Dalili ya Mvua si Mvua: Tufundisheje Utabiri wa Hali ya Hewa?

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema kwamba mawingu ni mvua. Tofauti hiyo tunaisahau mara nyingi tufundishapo somo la hali ya hewa. Mwalimu huchora kipimamvua ubaoni, wanafunzi hunakili, hutaja kipimajoto na kipimaupepo, kisha mada hufungwa. Lakini swali ambalo mkulima wa hapa Lukole hujiuliza kila mwanzo wa vuli, yaani apande sasa au angoje, halifundishwi. Maoni yangu ni kwamba mwanafunzi hajasoma hali ya hewa mpaka ajue kutenda jambo la busara kwa habari isiyo na hakika.

Naanza kwa kukiri kosa langu. Mwanzoni mwa Mei 2024 mimi na darasa langu tulifuatilia taarifa za kimbunga Hidaya redioni. Tulichora ramani ya pwani ubaoni, tukaweka alama mahali kimbunga kilipo. Ingawa bahari iko karibu kilomita 1,000 kutoka hapa, watoto walishikwa na shauku kubwa. Jumatatu iliyofuata mwanafunzi mmoja akasimama na kusema, "Mwalimu, wametudanganya. Ndugu yangu aliyeko Dar es Salaam anasema hata bati halikutikisika." Darasa likacheka. Nami, badala ya kufundisha, nikacheka pamoja nao.

Ukweli ni upi? Hidaya ilifika Kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei, ikapungua nguvu. Hata hivyo mvua zake ziliharibu madaraja na kuikata barabara iendayo Lindi. Aliyekuwa Dar es Salaam aliona taarifa ya uongo. Aliyekwama njiani kusini aliona taarifa ya kweli. Nao walikuwa wamesikiliza redio ile ile.

Mambo ya namna hii si mapya. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilitarajiwa kufika pwani yetu, kikafifia kabla. Aprili 2019 Kenneth ilitishia Mtwara, ikaingia kaskazini mwa Msumbiji na kuleta maafa makubwa huko. Atakayehitimu kutokana na mifano hiyo kwamba vimbunga huishia njiani na akumbuke Aprili 1952, Lindi ilipopigwa, na Aprili 1872, Unguja ilipopigwa.

Wala si sisi peke yetu. Januari 2015, wakazi wa New York, Marekani, waliambiwa wajiandae kwa theluji iliyoweza kuzidi sentimita 60. Treni za chini ya ardhi zikasimamishwa. Katikati ya jiji zilianguka sentimita 25 hivi, watu wakanung'unika. Lakini mashariki kidogo, katika Long Island, ziko sehemu zilizopata zaidi ya sentimita 60. Dhoruba ilikuja kama ilivyotabiriwa. Ukingo wake ndio uliosogea.

Sababu ya jambo hili inafaa kuelezwa darasani. Mwaka 1961 mtaalamu Edward Lorenz alikuwa akikokotoa mwenendo wa hewa kwa kompyuta. Alipoingiza tena namba 0.506127 kwa kuifupisha kuwa 0.506, matokeo yalifuatana na yale ya kwanza kwa muda, kisha yakaachana kabisa. Kosa dogo la leo huwa kubwa baada ya siku kadhaa. Kwa hiyo mtabiri mwaminifu hatoi hakika. Hutoa kadiri ya uwezekano. Ndiyo maana Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, itoapo tahadhari, hutaja uwezekano wa jambo kutokea na kiwango cha athari zake. Hayo ni maswali mawili, si moja.

Tufundisheje basi? Napendekeza njia isiyohitaji fedha. Kila mwanafunzi apewe punje 10 za maharage. Kila siku saa 3 asubuhi, baada ya kusikia taarifa ya redio na kutazama anga, agawe punje zake: ngapi kwa mvua, ngapi kwa ukavu. Aandike daftarini. Kesho yake, saa ile ile, darasa lipime maji katika kipimamvua kilichotengenezwa kwa chupa yenye mdomo na kitako vya upana mmoja, na wajue kwamba milimita 1 ya mvua ni lita 1 katika kila mita ya mraba. Mwisho wa muhula wahesabu: siku zote ulizotoa punje 7 kwa mvua, je, ilinyesha karibu mara 7 katika kila 10? Ikiwa ndivyo, utabiri wako ulikuwa mwema, hata zile mara 3 ulizokosa. Dalili za wazee, za upepo na za ndege, nazo ziwekewe punje na kuhesabiwa vivyo hivyo, bila dharau na bila upendeleo.

Wenzangu watasema kwamba muhtasari ni mrefu na mtihani hauulizi punje. Ni kweli. Lakini kazi hii huchukua dakika 5 tu, na ndani yake mna sehemu, wastani na uwezekano, mambo ambayo mwalimu wa hisabati huyatafutia mifano kwa taabu. Wengine watasema kwamba kumwonyesha mtoto shaka ya wataalamu ni kumfundisha kuwapuuza. Mimi naona kinyume chake. Anayepuuza ni yule aliyeahidiwa hakika akaikosa.

Lukole ni mahali palipokuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Burundi mpaka mwaka 2008. Watu wa huku wanajua maana ya kuamua jambo zito kwa habari pungufu. Mkulima akipanda mbegu zake zote kwa mvua ya kwanza, kisha jua likawaka wiki tatu, hana mbegu tena. Aliyejifunza kugawa punje atapanda nusu na kuweka nusu.

Muhula huu nimeanza upya na darasa jingine. Mtoto akisema wametudanganya, sitacheka. Nitamwuliza alikuwa ameweka punje ngapi.